Spika ya ufukweni: kabla ya kulipa, fikiria tundu la chaji

Wasomaji wa Tanga na Mombasa wananiandikia malalamiko yale yale. Spika ilinunuliwa kwa kuwa "haiingii maji", na muziki ilipiga vizuri tu, lakini baada ya wikendi chache za ufukweni haipokei chaji tena. Ukimulika tundu la chaji kwa tochi, unakuta vijino vimeota kutu ya kijani.

IP67, ile alama ya kuonyesha spika inavyozuia vumbi na maji, haidanganyi, ila inaahidi kidogo kuliko tunavyodhani. 6 maana yake vumbi haliingii. 7 maana yake imezamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwenye maji matamu! Chumvi haimo kwenye kipimo hicho. Sisi wa pwani chumvi ndiyo adui: ikibaki na unyevu tunduni halafu ukachomeka waya, umeme unaila metali. Kwa hiyo suuza kwa maji ya bomba, kung'uta, iache tundu likiangalia chini, na usichaji mpaka ikauke kabisa, hata kama ni mpaka kesho yake.

Namba moja kwangu ni JBL Charge 5, na sifichi kuwa mimi ni mtu wa JBL. Boksi la kuzuia maji haliwezi kuachiwa tundu la kutolea besi, kwa hiyo wameweka viwambo viwili, kimoja kila ncha, vinavyosukumwa na hewa ya ndani. Vishike wimbo ukipiga, utavisikia vinavyotetemeka. Ina spika ndogo ya pekee kwa sauti za juu, ndiyo maana besi haimmezi mwimbaji hata mkiwa uwanjani. Chaji inadumu saa 20.

Ya pili ni Bose SoundLink Flex. Inaelea majini, na kwa taarabu sauti ya mwimbaji inatoka safi sana, ila chaji ni saa 12. Ya tatu Sony SRS-XB100, ya mtu mmoja na mkeka wake. Soundcore 2 ni IPX7, yaani vumbi haikupimwa: bafuni sawa, mchangani hapana. Zisizo na alama yoyote, achana nazo.

Wanaoniudhi ni wauzaji. Anaimwagia spika maji ya chupa mbele yako ili ununue. Ukiirudisha na kutu, anasema waranti haihusu maji. Mbona bei ilipandishwa kwa sababu ya hayo hayo maji? Na feki zimejaa. Ya JBL iunganishe na programu ya JBL Portable hapo hapo dukani, kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa boksi lisifunguliwe, nenda duka jingine.