Uzoefu wangu na Blender: mwanafunzi wa usanifu wa michoro anapojifunza uhuishaji

Ninasomea usanifu wa michoro hapa Dar es Salaam, na hadi muhula uliopita kazi zangu zote zilikuwa za kutulia: mabango, nembo, kadi za mialiko ya harusi. Tulipopewa zoezi la kutengeneza uhuishaji wa sekunde 10, nilichagua Blender, programu ya michoro ya pande tatu na uhuishaji, kwa sababu haiuzwi, na mimi sikuwa na fedha ya kulipia programu kila mwezi. Msimbo wake uliwekwa huru mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000. Leo yeyote anaipakua bure, na kazi anayoitengeneza nayo anaruhusiwa kuiuza. Gharama yangu ilikuwa bando tu, kwa kuwa faili lake linazidi megabaiti 300.

Nilianza na mpira unaodunda, zoezi ambalo karibu kila anayejifunza fani hii hupitia. Unauweka mpira juu, unabonyeza I ili programu ikumbuke mahali ulipo, unasogea hadi fremu ya 12 (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda mwendo), unaushusha hadi sakafuni, unabonyeza I tena, kisha unaupandisha. Nilipoucheza, mpira ulipunguza mwendo kabla ya kugusa sakafu, ukatua kama unaoangukia godoro. Kwa mazoea ya kazi yangu nilibadilisha rangi, nikakoleza kivuli, nikaongeza hata ukubwa wake, na bado ulitua vilevile.

Jibu lilikuwa kwenye dirisha la grafu, ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa sababu linafanana na somo la hisabati. Blender isipoelekezwa vingine hulainisha mwendo kila unapoingia na kutoka kwenye fremu uliyoiweka. Kileleni ulaini huo unafaa, maana mpira hupunguza kasi kabla ya kuanza kushuka, lakini sakafuni unatakiwa ufike na kasi yake yote. Mstari unaoonyesha mwendo wa mpira wangu ulikuwa na bonde la mviringo mahali palipohitaji ncha. Nikaichagua nukta ya chini, nikabonyeza V, nikachagua Vector. Bonde likachongoka, na mpira ukadunda. Ningeulizwa ni sehemu gani ya programu hii iliyonifundisha uhuishaji, ningetaja dirisha hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu ndipo nilipoona kwamba umbo zuri lenye mwendo mbaya bado ni kazi mbaya.

Kazi ya mwisho ilikuwa kanga inayojifungua: pindo kwanza, kisha mji, kisha jina, ambalo lilikuwa «Wema hauozi». Mara ya kwanza pande zote nne za pindo zilifunguka kwa pamoja, zikawa kama mageti ya duka. Nilichelewesha kila upande kwa fremu nne baada ya uliotangulia, na hapo kitambaa kikaanza kuonekana kitambaa.

Kurenda, yaani kuiacha kompyuta igeuze kazi kuwa picha kamili, ndiko kulikonitoa jasho. Kwa Cycles, injini ya Blender ya kurenda inayofuatilia mwanga kwa undani, fremu moja ilichukua dakika nne kwenye kompyuta yangu. Kwa fremu 24 kila sekunde, sekunde 10 ni fremu 240, yaani saa 16. Nikahamia EEVEE, injini yake nyingine, ambayo haifuatilii mwanga kwa undani ule, na fremu ikashuka hadi sekunde sita. Sikuona aibu, kwani Flow, filamu ya Latvia iliyopata Oscar mwaka 2025, ilirendwa kwa EEVEE hiyohiyo. Umeme ulikatika nikiwa katikati, na faili la video halikufunguka tena. Tangu hapo ninarenda picha mojamoja za PNG: umeme ukirudi ninaendelea na fremu iliyofuata, kisha ninaziunganisha kuwa video humohumo ndani ya Blender.

Kwa mwenzangu anayetaka nembo isogee kidogo tu kufikia kesho, Blender ni nzito mno, na wiki mbili za mwanzo zitamkatisha tamaa. Mwenye muhula mzima mbele yake nitamshauri aanze nayo, ila anunue kwanza kipanya chenye gurudumu. Gurudumu hilo likibonyezwa ndilo linalozungusha mandhari, na mimi nilipoteza siku nne nikihangaika na vidole kwenye kompyuta mpakato.