TAHADHARI: "Dawa ya magoti" inayouzwa kwenye makundi yetu hapa Guangzhou

Ndugu zangu mlioko China, na nyinyi mnaowaagizia wazee nyumbani, naomba msome hili hadi mwisho.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi yetu ya WeChat akiuza mizizi mikavu. Anasema imechimbwa milimani Yunnan na inaponya magoti, kiuno na baridi yabisi. Aliniuzia nusu kilo kwa yuan 260. Mfuko mtupu, hauna kibandiko wala tarehe. Maelekezo alituma kwa ujumbe wa sauti: loweka kwenye pombe kali wiki mbili, kunywa kikombe kidogo usiku, inayobaki chulia magoti.

Baba mdogo alikuwa amekuja kufunga mzigo wake, magoti yanamsumbua miaka mingi. Nikammiminia mwenyewe, kile kikombe kidogo cha chai ya Kichina. Nusu saa haijafika, naona analamba midomo kila mara. Akaniambia, "Mwanangu, mdomo siusikii." Ganzi ikaingia ulimini, vidole vikaanza kumchomachoma, akatapika mpaka nyongo. Nikamshika mkono: mapigo yanakimbia, yanakatika, yanakimbia tena. Hospitalini alikaa siku mbili amefungwa mashine ya moyo. Daktari alipofungua mfuko tu akasema: caowu mbichi, yaani mzizi wa mmea wa akoniti.

"Mbichi" hapo maana yake haijaondolewa sumu, hata kama imekauka kama kuni. Caowu na ndugu yake fuzi ni dawa za heshima kwa Wachina, sibishi, lakini ndani yake mna akonitini, sumu inayovuruga moyo, na miligramu chache tu zinaua mtu mzima. Wenyewe huiloweka, huichemsha kwa saa nyingi, ndipo sumu ipungue. Na bado huko Yunnan, wanakoipika hata na nyama, watu hufa. Pombe haiui sumu hii, inaitoa kwenye mzizi na kuiweka kwenye kikombe chako. Hata ngozi huipitisha, kwa hiyo kuchulia nako si salama.

Tangu 1988 caowu mbichi imo kwenye orodha ya dawa 28 za asili zenye sumu ambazo China inazidhibiti. Haiuzwi bila cheti cha daktari. Huyu anaiuza kama karanga.

Nilipomwandikia aliniambia baba mdogo "alizidisha", kisha akanifuta. Juzi nimeiona sauti ileile kwenye kundi jingine, jina jipya, picha mpya. Bidhaa ni ileile: mizizi midogo iliyochongoka, myeusi, imejikunjakunja, mizima haijakatwa.

Kama umeshanunua, usiionje na usimtumie mama. Kama mtu wako ameshakunywa na midomo inamfa ganzi, usingoje asubuhi wala usimpe maziwa. Sumu hii haina kiuasumu chake. Piga 120, namba ya ambulensi hapa China, na uende na mfuko wenyewe mkononi.