Paa kwanza, lowa baadaye: uchambuzi wa safari ya siku moja ya snokeli na helikopta, Great Barrier Reef

Karibu mtazamaji. Leo tunachambua bidhaa ambayo wauzaji wa safari wa Queensland, Australia, wanaipa majina mengi, lakini ukiifungua ndani ni ileile: chombo cha kasi kinakupeleka asubuhi kwenye Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe, unapata saa kadhaa za snokeli, yaani kuogelea uso chini ukipumua kwa mrija, juu ya matumbawe, halafu helikopta inakuonyesha matumbawe hayohayo kutoka angani. Jioni uko bandarini. Hukumu yangu naitoa mapema: pesa ya helikopta haipotei bure, ila wanunuzi wengi wanaipanga vibaya ndani ya siku. Wanaogelea kwanza, wanapanda helikopta mwisho. Mimi nasema paa kwanza, lowa baadaye.

Kabla ya hapo, jua unakwenda wapi. Mwamba huu una urefu wa takriban kilomita 2,300, umeingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na si ukuta mmoja. Ni miamba karibu 3,000 iliyotengana. Kwa hiyo mtu akisema "naenda Great Barrier Reef" bado hajasema anaenda wapi. Ukiondokea Cairns, vyombo vikubwa vinakwenda miamba kama Moore Reef na Norman Reef, mwendo wa dakika 90 hadi saa mbili. Ukiondokea Port Douglas unafika Agincourt Reef, ambayo iko ukingoni kabisa kuelekea bahari kuu. Ukiondokea Airlie Beach, kusini zaidi, unakwenda Hardy Reef, na hapo jiandae kukaa chomboni muda mrefu zaidi kuliko Cairns.

Hardy ndiko iliko Heart Reef, ule mwamba wenye umbo la moyo ambao picha yake umeshaiona mara mia. Sikiliza vizuri hapa: ule moyo una upana wa takriban mita 17 tu, na hairuhusiwi kuogelea wala kuzamia pale. Kutoka kwenye pontuni, yaani lile jukwaa linaloelea ambako chombo hufunga, umbo lake hulioni. Ni la kuonwa kutoka juu. Kama moyo ndio unaoutaka, nunua Airlie Beach. Ukinunua Cairns ukitegemea kuuona, utarudi umenuna, na kosa si la rubani.

Sasa vifurushi. Viko vya aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Cha kwanza: unakwenda na kurudi kwa chombo, na helikopta inakuchukua pale pale mwambani kwa dakika 10 hivi. Cha pili: upande mmoja unakwenda kwa chombo, upande mwingine kwa helikopta. Cha kwanza ni nafuu, na kwa dakika 10 unauona mwamba mmoja vizuri. Cha pili kinakupitisha juu ya miamba kadhaa, visiwa vya mchanga, na ile sehemu ambapo maji ya kijani ya pwani yanageuka buluu. Pia kinakupunguzia nusu ya safari ya mawimbi. Kwa anayetapika baharini, hiyo nusu peke yake inatosha kuwa sababu ya kuongeza pesa.

Zile dakika 10 nazo tuziseme vizuri. Ni dakika 10 za hewani. Juu yake ongeza kupimwa uzito, maelezo ya usalama, kuvaa jaketi la kuokoa maisha, boti ndogo ya kukupeleka kwenye jukwaa la kutulia helikopta, kusubiri kundi lililotangulia lishuke, na kurudishwa. Tenga karibu saa nzima. Ukiwa mwambani kwa saa nne, umetoa robo ya muda wako. Ndiyo maana mpangilio una uzito.

Chombo kikifika, karibu watu wote wanakimbilia ngazi za kuingilia majini kwa pamoja. Miwani za majini zinagongana, mapezi ya miguuni yanampiga mtu usoni, maji yanachafuka. Wewe chukua zamu ya kwanza ya helikopta. Ukirudi, wengi wanaanza kutoka kwenda kula, na unapata mwamba ulio kimya. Chakula utakuta kingali kipo, ila uliza saa ya kufungwa.

Sababu ya pili ni mwanga. Jua likiwa juu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, miale inapenya majini na unaona chini. Jua likilala, uso wa bahari unang'aa kama bati na rangi zinapotea. Sababu ya tatu: ukitoka majini umelowa chumvi, itabidi ujikaushe na ubadilishe nguo kabla ya kuruhusiwa kuketi ndani ya helikopta. Ya nne ni ya mvua. Zamu ya asubuhi ikiahirishwa kwa wingu la mvua, kuna zamu za baadaye. Ya mwisho ikiahirishwa, basi.

Na ya tano ndiyo nzito kuliko zote. Ukiwa pontuni utaletewa ofa ya kuzamia kwa mtungi, hata kama hujawahi. Snokeli haina tatizo na helikopta, kwa sababu unapumua hewa ya kawaida juu ya maji. Mtungi ni habari nyingine. Chini ya maji, hewa unayovuta ina mgandamizo, naitrojeni inaingia kwenye damu na tishu, na ukipanda juu upesi inaweza kutoa mapovu mwilini. Mwongozo wa kawaida wa wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 baada ya mizamio kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Ndege za kutalii mwambani huruka chini kuliko ndege za abiria, lakini usilifanyie hesabu za kichwani jambo hili. Ukitaka mtungi, helikopta itangulie. Na kama una ndege ya kurudi nyumbani kesho yake alfajiri, hesabu saa hizo kabla hujasema ndiyo.

Tuje kwenye viti. Uzito wako utapimwa, na rubani ndiye anayepanga nani akae wapi ili helikopta ikae sawa. Huchagui, na dirisha halina dhamana. Kwa hiyo uliza ni helikopta gani. Robinson R44 inabeba abiria watatu, mmoja mbele na wawili nyuma, na kila mmoja ana dirisha lake. AS350, ambayo ni kubwa zaidi, ina benchi la watu wanne nyuma. Wawili wa katikati wanaangalia mabega ya wenzao, na wamelipa sawasawa na wa dirishani. Mimi ningechukua ile ndogo bila kusita, ingawa kelele na mtikisiko wake unausikia zaidi. Unapokata tiketi taja uzito wako wa kweli. Ukizidi kikomo cha kampuni, kilo chache tu zinaweza kukulazimu kulipia kiti cha pili, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko mbele ya mizani.

Ile jaketi ya helikopta ni kijifuko kinachofungwa kiunoni. Usiijaze upepo ukiwa ndani. Helikopta ikiingia majini, jaketi iliyojaa inakubana kwenye dari na huwezi kupita mlangoni. Kuikaribia, pitia mbele pale rubani anapokuona, umeinama, kofia mkononi. Nyuma usiende kabisa. Pangaboi la mkiani likizunguka halionekani.

Picha je? Dirisha ni la plastiki, na ukiweka kichujio cha kupunguza mng'ao kwenye kamera, plastiki hiyo inatoa mistari ya rangi za upinde wa mvua. Kivue. Kwa macho, miwani ya jua ya aina hiyo inasaidia sana kuona chini ya maji, ila kwa kamera hapana. Vaa shati jeusi, kwa sababu shati jeupe linajirudia kwenye kioo na litakaa katikati ya kila picha. Sogeza lenzi karibu na dirisha bila kuigusisha, maana mtikisiko unapita moja kwa moja. Spidi ya shata ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde au ya kasi zaidi. Na tafadhali, dakika mbili za mwisho weka simu chini uangalie. Utaona jinsi ukingo wa mwamba unavyovunja mawimbi upande wa nje, na nyuma yake maji yametulia, na vichuguu vya matumbawe vimetapakaa kwenye mchanga mweupe. Ukishaiona ramani hiyo, ukiingia majini unajua uko upande gani na kwa nini maji yanakuvuta unakovutwa.

Haya, majini. Kinachoharibu snokeli za watu wengi ni miwani ya majini isiyowakaa, na kuijaribu ni kazi ya nusu dakika. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imenasa, ni yako. Ikidondoka, omba nyingine. Ikivuja ukiwa majini, usikimbilie kukaza mkanda. Mkanda ukikazwa mno, ukingo wa silikoni unajikunja na maji yanaingia zaidi. Legeza kidogo, kisha toa nywele zilizonasa chini ya ukingo. Angalia na masharubu, na mafuta ya jua kwenye paji la uso, maana silikoni inateleza juu yake. Ukungu wa kioo unaondoka kwa mate: paka ndani, suuza mara moja, vaa, usiiguse tena. Kama unavaa miwani ya macho, omba miwani ya majini yenye lenzi za macho mapema chomboni, ziko chache. Mapezi vaa ukiwa umekaa kwenye ngazi, usitembee nayo. Piga miguu kutoka nyongani, polepole. Anza kwa kwenda dhidi ya mkondo, ili ukichoka maji yakurudishe.

Maji kupwa na kujaa yanabadilisha kila kitu. Yakiwa yamepwa, matumbawe yako karibu nawe na ukingo unazuia mawimbi ya nje, ila sehemu nyingine zinakuwa za kina kifupi mno, na hapo usilazimishe kupita. Yakijaa, mawimbi yanapita juu ya ukingo na pontuni inacheza. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mikondo ina nguvu, hasa katikati ya kujaa na kupwa. Kwa anayeanza, chagua siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo.

Kuhusu rangi, nisikudanganye. Mabango yameongezewa rangi. Rangi nyekundu inamezwa na maji katika mita chache za mwanzo, na matumbawe mengi yenye afya ni ya kahawia au kijani, kwa sababu ya mwani unaoishi ndani ya tishu zake na kuyalisha. Kahawia ni uhai. Kinachotisha ni weupe wa chokaa: bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani unatoka na tumbawe linabaki uchi. Miaka ya 1998, 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024 ilikuwa na upaukaji mkubwa. Lakini miamba haiumii sawasawa, na bado utakuta pono wakitafuna mwamba kwa sauti unayoisikia majini, kasa, na chaza wakubwa wenye midomo ya buluu. Usisimame juu ya chochote. Ukichoka, shika boya au geuka ulale chali.

Kuanzia Novemba hadi Mei ni msimu wa konyeza wenye sumu kali. Mmoja wao, Irukandji, ana mwili wa sentimita moja au mbili, humuoni. Vaa suti ya likra inayofunika mikono na miguu, na jua pia halitakuchoma mgongo. Fahamu tu kwamba likra haikusaidii kuelea, ile suti nzito ya mpira ndiyo inayokusaidia. Juni hadi Agosti maji yanapoa na upepo wa kusini-mashariki unasumbua, ila ndiyo miezi ya kuona nyangumi ukiwa hewani. Usimwombe rubani amshukie nyangumi, sheria haimruhusu. Septemba hadi mwanzo wa Novemba ndiyo ningechagua mimi.

Chomboni utajaza fomu ya afya. Moyo, pumu, kifafa, dawa unazokunywa: andika kweli. Hawakuulizi ili wakunyime. Wanakupa boya, mwenzako wa kuogelea naye, na alama ya rangi ili mlinzi akutazame kwa karibu. Dawa ya kichefuchefu inywe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, ukianza kutapika umechelewa. Kaa sitaha ya chini, nyuma.

Kabla ya kulipa, uliza je, ada ya mazingira ya hifadhi na suti vimo kwenye bei, au vinadaiwa chomboni? Na helikopta ikifutwa huku chombo kikiondoka kama kawaida, jambo linalotokea mara nyingi siku za mawingu ya chini, wanarudisha fedha ya helikopta au wanakupa tarehe nyingine? Jibu hilo lipate kwa maandishi. Na kwa sababu hiyohiyo, weka safari hii siku yako ya kwanza au ya pili ukiwa Queensland, ili ikifutwa ubaki na siku ya kurudia.