Imeganda kwenye GRUB, kumbe inaniuliza swali

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo.

Juzi juzi usiku, baada ya kufunga steshenari, niliamua kusasisha toleo la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu ya kazi, ile ninayochapia ripoti za wanafunzi. Mafaili yakashuka vizuri, nikaenda kuinjika wali. Kurudi, mstari umesimama, umeandika inasanidi grub-pc. Nikala, nikaosha vyombo, mstari palepale. Masaa matatu!

GRUB, ambayo grub-pc ni kifurushi chake, ndiyo inayoiamsha kompyuta. Ikiharibikia hapo, asubuhi unawasha unakuta kioo cheusi. Kila nikisogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima, mkono unarudi. Humo ndani mna kazi za watu. Binti mmoja alikuwa anaifuata tasnifu yake asubuhi.

Nikampigia fundi. Hata hakuuliza imeandika nini. "Dada, hiyo imekufa. Zima, kesho ilete tufute tuweke upya." Tufute! Kana kwamba ni ubao.

Nilichokigundua baadaye ndicho kilichonichemsha zaidi. Chini ya ule mstari kuna kishale kidogo cha maelezo. Nikakibonyeza, dirisha likafunguka, ndani mna swali: diski iliyowekwa GRUB mwanzo haionekani tena au utambulisho wake umebadilika, sasa iwekwe wapi? Yaani muda wote huo ilikuwa inanisubiri mimi. Mwaka jana niliondoa diski kuukuu nikaweka SSD, yaani diski ya kisasa ya kasi, kila kitu kikanakiliwa kama kilivyo. Lakini grub-pc ilikuwa inakumbuka utambulisho wa ile ya kwanza. Swali ni la haki kabisa. Kulificha nyuma ya kishale ni ukatili.

Na kulijibu nako kuna mtego. Ukibonyeza Enter tu, unakuwa hujachagua kitu. Nilibonyeza, ikanionya kwamba huenda kompyuta isiwake, nikarudi nyuma moyo ukinidunda. Nikashuka hadi /dev/sda, jina la diski nzima, si sda1 ambayo ni kipande chake tu, nikagonga kitufe cha nafasi mpaka nyota ikatokea kwenye mabano, kisha Tab, kisha sawa. Mstari ukatembea.

Nilikaa hapa nikiwa nimeazimia kuwaambia msiiguse Linux. Lakini haki isemwe, sikupoteza hata faili moja, na mfumo ulikataa kubahatisha jambo ambalo lingeniulia mashine. Ungeniuliza waziwazi, ningeusifia kwa kila mtu. Ila masaa matatu, na mwingine angeshazima zamani... hapana, hilo silisamehe.

Yako ikisimama hapo, fungua maelezo kabla ya kugusa umeme. Kama ulishazima na bado inawaka, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike sudo dpkg --configure -a, itaendelea ilipoishia.

Tasnifu ilitoka saa moja na nusu asubuhi. Fundi yule simpelekei tena hata waya wa chaja.