Baridi ya Juni hadi Agosti Nakuru na Molo: nini ununue kwanza, nini uwache dukani

Kila mwaka ikifika Juni swali ni lile lile, ninunue hita gani. Mimi husema hita ingoje kwanza. Nyumba zetu nyingi hazikujengwa kushika joto, juu ni mabati, dari haipo ama ni bodi nyembamba, juu ya dirisha kuna matundu ya hewa, na chini ya mlango panya anapita bila kuinama. Ukipasha nyumba kama hiyo unapashia plot nzima. Kwa hivyo hii orodha nimeipanga hivi: kitu kinachokaa karibu na mwili kinakuja mbele, cha kupasha chumba kinafuata nyuma.

Pia inategemea unakaa wapi. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Molo inakaribia 2,500, Timboroa imepita 2,700. Kisumu ni 1,130 hivi, so watu wa Kisumu someni tu mkiwa mmewasha feni, mtucheke pole pole. Mtu wa Kiamunyi ama London (ile yetu ya Nakuru, si ya Uingereza) namba moja na mbili zitamtosha. Wa Molo na Mau Narok endeleeni hadi chini.

Namba moja ni matandiko, na hapa ndio ningeweka zaidi ya nusu ya pesa. Shida ni watu hununua duveti kwa macho, maua yakipendeza basi imeenda. Ibinye katikati, ukiachilia ifure tena haraka. Ikibaki bapa, ikishafuliwa mara mbili hivi itakuwa shuka tu. Halafu angalia mishono, iwe imegawanywa miraba midogo midogo, kwa sababu ikiwa imeshonwa kando kando pekee ile pamba yote itahamia miguuni na kifua kibaki na kitambaa. Na kama kitanda ni 5 kwa 6 na mnalala wawili, chukua duveti ya 6 kwa 6, maana kila mtu akivuta upande wake baridi inaingilia pale kando.

Blanketi za flisi ni nyepesi na zinakauka haraka, na hiyo si jambo dogo Julai wakati jua linaweza kupotea siku tatu na kamba ya nguo inakaa tu na maji. Zile nzito za sufu, kama zile za Raymond za kiwanda cha Eldoret ambazo shosho wengi bado wamezifungia kwa sanduku, zinashika joto hata zikiwa na unyevu kidogo, lakini kuzifua kwa mkono ni kazi ya watu wawili na ugomvi juu. Ukiipata mtumba ikiwa nzima, lipa.

Kitu watu husahau ni baridi ya chini. Unajifunika blanketi tatu na bado unatetemeka kwa sababu godoro ni jembamba, ama liko kwa simiti moja kwa moja. Chukua blanketi moja, hata ile imezeeka, tandika chini ya shuka. Hapo tofauti utaiona usiku huo huo.

Namba mbili, ile chupa ya mpira ya kuweka maji moto, chemisti wengi wanayo na bei haiumi. Kabla ya kulipa angalia pale shingoni, nyingi zina kaua kadogo kamechorwa na katikati yake kuna namba za mwaka ilitengenezwa. Ikiwa ya miaka mingi rudisha, mpira huzeeka hata ukiwa kwa shelfu. Usimimine maji yanayotokota, yaache dakika kadhaa, jaza kama theluthi mbili, toa hewa, funga, zungushia taulo. Mtoto mchanga usimwekee.

Namba tatu ni blanketi ya stima, ile ya kutandika chini ya shuka. Wengi wanaogopa tokeni, sasa tupige hesabu. Ikiwa ya wati 100, saa kumi nzima ni yuniti moja. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kwa saa moja. Tuseme yuniti ni shilingi 30, hapo ni shilingi 3 kwa saa dhidi ya 60. Washa nusu saa kabla ya kulala, ukiingia kitandani zima. Usiikunje ikiwa imewaka, na mtu asiyeweza kujizimia asilalie. Stima ikipotea na mvua, na itapotea, unabaki na namba mbili.

Sasa namba nne, hita ya stima. Muuzaji akikwambia hii inakula stima kidogo na inatoa joto zaidi, anakudanganya, wati ni wati, zote za wati sawa zinatoa joto sawa. Tofauti ni vile joto linakufikia. Ya feni ni ya haraka lakini ukizima baridi inarudi hapo hapo. Ya mirija inayong'aa inakupasha wewe uliyekaa mbele yake, nzuri kwa mtu wa dawati, mbaya karibu na pazia. Ya mafuta inachelewa lakini inabaki na joto hata baada ya kuzima, na kama kuna mtoto anayetambaa mimi ningechukua hiyo. Dukani iinamishe ikiwa imewaka, isipojizima yenyewe wacha. Na chomeka kwa soketi ya ukuta, si ekstensheni ya waya mwembamba.

Hita ya gesi inakuja namba tano. Ikiwa juu kabisa, kama kilowati 4.2, inachoma gramu 300 hivi kwa saa, so mtungi wa kilo 13 ukiwasha saa nne kila jioni unaisha kwa siku kumi ama kumi na moja. Inataka dirisha wazi kidogo, na kuta zitalowa kwa mvuke. Si ya kulala nayo.

Jiko la makaa la kupasha chumba usinunue kabisa. Najua watu wanasema yakishakuwa mekundu hayana moshi, lakini kaboni monoksaidi haionekani na hainuki, na hapo hapo kwa makaa mekundu ndio inatoka. Kila msimu wa baridi tunasikia familia ambazo hazikuamka. Kama unalo la kupikia, likimaliza kupika litoke nje kabla mlango ufungwe, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe na gunia. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu ama kutapika na jiko liko ndani, mtoe nje kwa hewa kwanza, halafu hospitali, hata akisema ameshapata nafuu.