Uzoefu wangu na "Virgin": Lorde bila Jack Antonoff

Albamu ya nne ya Lorde, "Virgin", iliyotoka tarehe 27 Juni 2025, haina mkono wa Jack Antonoff, prodyuza aliyetengeneza naye "Melodrama" (2017) na "Solar Power" (2021). Katika Bongo Fleva, ambako jina la prodyuza mara nyingi husikika mwanzoni mwa wimbo, mabadiliko ya namna hii yangejulikana tangu sekunde ya kwanza. Kwa mwimbaji huyu wa New Zealand, msikilizaji hulazimika kuyatafuta mwenyewe. Safari hii mshirika wake mkuu ni Jim-E Stack.

Niliipakua kwenye simu kabla ya kupanda treni ya SGR kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, kwa sababu sikutaka kutegemea mtandao ndani ya mahandaki ya Kilosa, na kwa kuwa nyimbo zake 11 huchukua takriban dakika 35 tu, nilipata nafasi ya kuirudia kwa utulivu.

Pengo la Antonoff nililisikia zaidi kwenye viitikio. Katika "Melodrama", piano, ngoma na sauti za waitikiaji hupanda pamoja hadi wimbo ufurike, ilhali hapa sauti ya Lorde huachwa karibu na sikio, bila pambo, hata pale ambapo msikilizaji anatamani isindikizwe. "Man of the Year" hujengwa juu ya besi chache na uimbaji wa chini, kisha mapigo mazito, yenye mikwaruzo, huingia kuelekea mwisho. Bila subira ile ya mwanzo, kishindo hicho kisingekuwa na maana. "Clearblue" hauna ngoma kabisa, ni sauti yake tu iliyopitishwa mitamboni, nami nauhesabu kuwa wimbo wenye ujasiri kuliko yote. Kwa upande mwingine, "What Was That" ulinipa hisia ya kiitikio kilichofungwa breki, na hapo nilimkumbuka Antonoff, ingawa simpendi kila mahali.

Tumia spika za masikioni zilizo nzuri, kwani kwenye spika ya simu besi hupotea na nyimbo kadhaa hubaki mifupa. Anayefikiria kuagiza diski ajue kwamba ile ya plastiki angavu ililalamikiwa na wanunuzi kwa kutosomeka kwenye baadhi ya redio za magari. Kwa sherehe sitaipiga. Kwa safari ndefu ya peke yangu, naichagua kabla ya "Solar Power".