Matuta ya mpira kwa barabara za makazi: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Barabara inayopita mbele ya nyumba zetu ni nyembamba, haina njia ya watembea kwa miguu, na kwa muda mrefu madereva wanaokwepa msongamano wa barabara kuu waliifanya njia ya mkato. Baada ya vikao kadhaa, wakazi tulichangishana tukanunua matuta ya mpira, yale yanayokuja vipandevipande na kufungwa kwenye lami kwa boliti ndefu, na mamlaka ya barabara ikaridhia tuyaweke kwa majaribio.

Sifa yake kubwa ni kwamba yanahamishika. Tuta la lami likishajengwa mahali pasipofaa, dawa yake ni kulivunja, lakini haya yanafunguliwa kwa spana. Sifa hiyo tuliihitaji mapema kuliko tulivyodhani. Tuta la kwanza lilipigiwa kura na wengi, hasa wazazi wenye watoto wadogo, lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza jirani ambaye dirisha lake la chumba cha kulala lilitazamana nalo. Usiku kucha alisikia breki, kisha mlio wa injini inayoongeza kasi, na magari ya mizigo yakipita matupu mabodi yake yaligonga kama ngoma. Kwa wiki tatu alivumilia, kisha akaja kikaoni kutueleza, na alikuwa na haki. Tulilihamishia penye ukuta usio na madirisha, na tangu hapo hatufungi tuta lolote kabla ya kupata ridhaa ya kaya zilizo karibu nalo, wapangaji wakiwemo. Ninalisisitiza hili kwa sababu vifurushi vya bidhaa hii huja na maelekezo ya kutoboa lami, wala havisemi neno juu ya kubisha hodi kwa majirani, ilhali uhai wa tuta unategemea zaidi hilo la pili.

Je, yanapunguza mwendo? Yanapunguza, mradi yasiachane mno, kwa kuwa dereva akipata nafasi ndefu kati ya tuta na tuta hufidia muda wake papo hapo. Faida ya kupunguza si ndogo hata kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde, na sekunde moja hivi hupita kabla mguu wa dereva haujakanyaga breki. Kwa kilomita 30 umbali huo ni kama mita 8. Mtoto anayechomoka nyuma ya gari lililoegeshwa anaweza kuwa amesimama ndani ya zile mita sita za tofauti.

Kasoro yake kubwa ni umbo. Matuta mengi ya aina hii, ukiyapima kwa kufuata uelekeo wa magari, hayafiki hata mita moja, ilhali tuta lililobuniwa na watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1970 lina mita 3.7, na kimo chake hakizidi sentimita 10. Tuta refu huliinua gari polepole, na usumbufu wake huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Tuta fupi hurusha hata gari linalokwenda taratibu, na anayeumia ni mgonjwa aliyelazwa ndani ya gari la wagonjwa, mjamzito, au mwendesha baiskeli, wakati dereva wa gari lenye springi nzuri akilipita kwa kasi hahisi sana. Kwa sababu hiyo singeshauri yawekwe kwenye njia ya mabasi au ya magari ya zimamoto. Huko yanafaa zaidi yale yaliyogawanywa kwa mapengo, ambayo magurudumu ya gari pana hupita pembeni yake bila kupanda.

Kuhusu uimara, mpira wenyewe haujapasuka, ila boliti hulegea na viakisi mwanga hubanduka. Familia mbili zimejitolea kuzikaza kila mwezi, na bila wao boliti zingechomoza na kutoboa matairi. Vilevile acheni nafasi pembezoni ili maji ya mvua yapite.

Kwa majaribio, ninaipendekeza bidhaa hii kwa moyo wote. Kama suluhisho la kudumu, naona tungejifunza zaidi kwa Delft, Uholanzi, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 barabara za makazi zilipangwa upya kwa kona, miti na mahali pa kukaa, hata dereva akajiona mgeni kwenye uwanja wa watu, na mwaka 1976 sheria ya nchi ikautambua mpango huo. Matuta yetu mawili ya katikati yatabaki hadi lijengwe tuta refu la lami. Lile la mwanzoni tumewaazima wakazi wa barabara ya pili, kwa idhini ya mamlaka ileile, kwa kuwa baadhi ya magari yaliyotuacha yamehamia kwao, nao wanataka kulijaribu kabla ya kupiga kura.